Vyumba vya Makapera

Hesabu ya Lukumani ilikuwa sahihi. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu baadaye watu wa mtaani kwake Isevya walipenda kusema kwamba alikosea hesabu, na walisema hivyo kwa kumhurumia. Mtu akikosea hesabu anaweza bado kupita barazani kwa watu, akakaribishwa, akaketi. Lakini Lukumani hakukosea.

Alikuwa ofisa wa mipango mjini Tabora, na mtoto pekee wa Bi Mwamvita, mjane mwenye nyumba ya vyumba sita nyuma ya msikiti. Mwaka wa sitini na saba, serikali ilipohesabu watu, alisimamia makarani waliopita nyumba kwa nyumba wakiuliza ni nani aliyelala humu usiku wa kuamkia leo. Wenzake waliiona kazi ile kuwa ni kuchafua viatu. Yeye aliuona mji ukigeuka.

Zamani aliyepanga chumba Tabora alikuwa mtu na mkewe na watoto: fundi cherehani, mchuuzi, mfanyakazi wa reli aliyekosa kota. Akishaingia, hatoki mpaka binti zake waolewe. Baada ya Uhuru shule ziliongezwa, na kila mwaka zikatoa vijana wenye cheti na sanduku la bati, bila mke. Ofisi nazo ziliongezwa, na serikali ilikuwa na desturi ya kumpeleka karani mbali na kwao, kisha kumhamisha kabla hajazijua njia za mkato. Mtu wa namna hiyo hahitaji vyumba viwili na jiko uani. Anahitaji chumba kidogo, kufuli, na msumari wa kutundika suruali. Lukumani aliona kwamba muda si mrefu chumba kidogo kitagombaniwa Tabora, na kikubwa kitakosa mtu. Nyumba ya mama yake ilikuwa na vyumba vikubwa, chini ya bati lililovuja.

"Tuvikate," alimwambia mama yake.

"Kama miwa?"

"Kila kimoja kiwe viwili. Selemani atapandisha ukuta wa matofali mabichi katikati. Makapera watakuja wenyewe, utaona. Hata bati tutabadilisha."

Bi Mwamvita alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Na wewe umejuaje kwamba watakuja?"

"Nimewaona kwenye hesabu."

"Umewaona wangapi wanaofagia uani?"

Lukumani alicheka. Mwenyewe alikuwa kapera, wa miaka thelathini na kitu, na ufagio hakuujua.

"Haya, kata," alisema mama yake. "Yule mpangaji wetu fundi baiskeli anarudi kwao Usoke kulima tumbaku, ameshaaga. Lakini Mgogo wangu nitamtia wapi?"

Mgogo wake alikuwa Leonia. Mumewe alikuwa gadi wa treni, na alipokufa ilimbidi Leonia atoke katika kota za reli na watoto wanne. Akapanga vyumba viwili vya mkono wa kushoto kwa Bi Mwamvita, akawa anauza karanga za kukaanga kwenye madirisha ya treni. Alikuwa Mkatoliki wa Dodoma na mwenye nyumba ni Muislamu wa Tabora, na hilo halikuwa na uzito kwa yeyote kati yao. Lililokuwa na uzito ni kwamba Bi Mwamvita ni Mnyamwezi. Babu yake alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, na njiani Wagogo walimtoza hongo ya kupita, na hongo nyingine ya maji ya kunywa. Ugomvi ule ulikwisha siku nyingi, ukaacha utani, na watani hao wawili walikuwa wakiishi mlango kwa mlango.

Hawakuamkiana kama watu. Asubuhi Leonia alitoka na karai lake, akasimama mlangoni kwa mwenye nyumba. "We mpagazi, hujafa bado?"

"Nikifa wewe utamwibia nani maji?"

"Maji! Babu yako hajamaliza kulipa yale aliyokunywa kwetu. Ningekuwa na roho mbaya ningechukua nyumba hii nzima."

"Chukua, uijaze mlenda mpaka darini."

Kwa Lukumani ilikuwa vivyo hivyo. Leonia alimzidi umri kwa miaka mingi, lakini Lukumani hakumpa shikamoo hata siku moja, wala mwanamke yule hakuitaka. Alimwita mpagazi wa karatasi. Mzee wa nyumba alipofariki, Leonia alivaa kanzu ya marehemu, akatembea uani kwa mwendo wake wa kuvuta mguu, akafoka kwa sauti yake kwamba chai haina sukari, mpaka wajane wenziwe wakacheka na kamasi zinawatoka. Jeneza lilipotoka alijilaza kizingitini, akasema maiti hapiti mpaka hongo ilipwe. Akapewa khanga, akainuka, akalia kuliko wote. Lukumani alikumbuka kwamba siku ile, kwa mara ya kwanza tangu baba afe, alipumua.

"Siwezi kumwambia," alisema Bi Mwamvita. "Tangu aingie humu sijamwambia neno lisilo la utani. Hata akiugua namwambia akafie Dodoma asinichafulie nyumba. Leo nitaanzia wapi? Wewe ndiye msomi. Mwambie wewe."

Basi akamwambia. Alimkuta Leonia uani anapepeta karanga, na alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri kama taarifa ya ofisi. Alisema, "Mama Pelagia, mwisho wa mwezi ujao itabidi utoke katika vile vyumba."

Leonia aliweka ungo chini. "Vyumba vya nani?"

"Vyetu."

"Uliviokota wapi, mpagazi? Ninyi mkifika mahali mnatua mzigo, mkiamka mnasema hapo ni penu." Akamtazama kwa furaha. "Sitoki. Ila ukinibeba mgongoni mpaka stesheni, hapo nitafikiri. Si ndiyo kazi yenu?"

Kuna maneno ambayo kila mtani anayajua. Mtu akitaka kusema jambo la kweli, husema kwanza: utani kando. Mwenzake hunyamaza papo hapo, hata kama kicheko kiko kooni, na baada ya hapo kinachosemwa ni cha kweli. Maneno yenyewe ni mawili tu, na Lukumani alikuwa nayo mdomoni. Akamtazama yule mwanamke, chembe ya unga wa karanga puani, anangoja jibu kali. Akajua kwamba akiyasema atauona uso ule ukibadilika, na kwamba utabadilika kwa sababu yake.

"Mzito wewe," alisema. "Nitakodi mkokoteni."

Leonia alicheka mpaka akashika ukuta.

Alimwambia tena baada ya wiki, na tena mwezi ulipoandama. Kila mara ilikuwa rahisi kuliko ile ya kwanza. Alisema, "Umeanza kufunga mizigo?" Leonia akajibu kwamba anangoja mpagazi amalize kulala. Alisema fundi amekwisha patikana. Leonia akamwomba fundi amjengee na ghorofa. Lukumani akaondoka anacheka, na moyoni akaweka alama kwamba taarifa imetolewa.

"Umemwambia?" aliuliza mama yake.

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesikia," alisema Lukumani. Na hilo lilikuwa kweli.

Selemani fundi alikuja Jumamosi, na rundo la matofali likashushwa mbele ya baraza. Leonia alirudi kutoka stesheni na karai tupu, akakuta mlango wake umeng'olewa bawaba na kuegemezwa ukutani. Alisimama. Akatazama mlango, akamtazama Selemani, akamtazama Lukumani aliyekuwa barazani na mikono nyuma. Kisha uso wake wote ukachanua.

"Aaa! Leo mmenipata!" alipiga kelele. "Majirani, njooni! Wapagazi wanalipiza ile ya jenezani!"

Majirani wakaja. Leonia alijifunga khanga kiunoni, akaingia ndani, akatoka na chungu kichwani na mkeka mgongoni. Akatembea kwa kuchuchumaa, shingo imeingia mabegani, kama mtu aliyebeba pembe la ndovu, huku akiimba wimbo wa safari alioutunga papo hapo, wa mpagazi aliyepotea njia akarudi kwao bila mzigo na bila suruali. Watoto wake wakashika mkia wa msafara. Mwingine kabeba kibatari, mwingine masufuria. Wanawake wa nyumba za jirani walipiga vigelegele. Mtu mmoja akaleta debe, akalipiga kama ngoma. Kwa mikono yake mwenyewe Leonia alivitoa nje vyombo vyake vyote, kitanda kwa msaada wa Selemani, aliyekuwa anacheka kama wengine. Vilipokwisha aliketi juu ya godoro katikati ya njia, akanyoosha kiganja.

"Haya. Nimetoka. Sasa lipeni, nirudi ndani nikapike."

Watu walicheka, wakamgeukia Lukumani. Ilikuwa zamu yake. Ingetosha khanga, ingetosha kuku, ingetosha hata ndizi, maana kinachotolewa hakina umuhimu. Lukumani hakutoa kitu.

"Bahili!" alisema Leonia. "Bi mkubwa, mwambie mwanao alipe. Jua linanichoma, na mimi si Mnyamwezi wa kuzoea jua la njiani."

Bi Mwamvita alikuwa kwenye kizingiti. Alimtazama Leonia, akamtazama mwanawe, na Lukumani akaona mama yake anaelewa nini maana ya lile neno *amesikia*. Alijifunika ushungi mpaka puani, akaingia ndani.

Debe likanyamaza. Leonia alibaki na kiganja kimenyooshwa na meno bado yako nje, lakini macho yalikuwa yanahangaika.

"Mpagazi," alisema polepole. "Kwani ulikuwa unasema kweli?"

"Nilikuambia mara tatu," alisema Lukumani.

Baadaye, katika miaka iliyofuata, alilitafutia lile jibu kosa la ukweli. Hakuliona. Lilikuwa sahihi kama hesabu yake.

"Ndiyo," alisema Leonia. "Uliniambia."

Akarudisha kiganja, akakifuta kwenye khanga kama kina kitu. Akainuka, akaanza kufunga vyombo upya, safari hii kwa kamba. Hakulia wala hakutukana. Kama angetukana, watu wangepata la kushika. Waliokuwa wakipiga vigelegele waliondoka mmoja mmoja bila kuagana, kwa sababu nao walikuwa wamemcheka mtu aliyekuwa anafukuzwa, na kumsaidia kutoa vitu. Selemani fundi aliacha kazi siku ile, akasema tumbo linamuuma. Jioni mkokoteni ulipatikana, na Leonia na watoto wake wakaelekea Itetemia, nje ya mji, kwa mkulima mmoja wa kanisani kwao aitwaye Ambrosi, aliyekuwa na kibanda cha nyasi kisicho na mtu.

Ukuta ulipandishwa na fundi mwingine, na makapera wakaja, kama ilivyotazamiwa. Alikuja karani wa posta kutoka Bukoba, mwalimu kutoka Songea, vijana wawili wa reli. Hakuna chumba kilichokaa wazi hata majuma mawili. Bati likabadilishwa. Wenye nyumba wa Isevya na Gongoni waliona, wakaita mafundi, wakakata vyumba na wao. Katika mikutano ofisini Lukumani alitajwa kuwa mtu anayeona mbali.

Makapera walikuwa na adabu. Walimpa Bi Mwamvita shikamoo asubuhi, wakafunga makufuli, wakaenda zao. Jioni walirudi wakafungua makufuli. Hakuna aliyemuuliza kama hajafa bado. Uani majani yaliota mpaka kwenye mawe ya jiko.

Lakini lililomwumiza Bi Mwamvita lilikuwa sokoni. Pale walikuwako wanawake wa Kigogo wauzao ufuta na mboga kavu, na kwa miaka yote walipomwona walikuwa wanaficha vikapu na kupiga kelele kwamba mwizi wa maji amekuja. Naye aliwajibu. Kununua fungu la mlenda kulichukua asubuhi nzima. Baada ya lile jambo alienda sokoni, na wote wakainuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Bi Mwamvita, akangoja. Hakuna kilichofuata. Walimpimia mboga kwa haki, wakamwongezea kidogo kama mtu anavyomwongezea mgeni, wakamwambia karibu tena. Alirudi nyumbani akaketi kitandani bila kuvua ushungi.

"Wameninyang'anya utani," alimwambia mwanawe.

"Mama, wamekuheshimu."

"Ndiyo. Wameniheshimu." Akamtazama. "Wewe hesabu yako ilisema watu wangapi wataingia. Ilisema wangapi watanisalimia kama maiti?"

Lukumani alisikia aibu, na kwa tabia yake alijaribu kuipima, ajue ukubwa wake aiweke mahali pake. Alijiambia kwamba mwenye nyumba ana haki ya kumwondoa mpangaji. Hiyo ilikuwa kweli. Alijiambia kwamba taarifa ilitolewa kwa muda wa kutosha. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Lakini kila alipofika mwisho wa orodha ya mambo ya kweli, aliliona lile godoro katikati ya njia na mtu aliyeketi juu yake akiwa na uhakika kwamba anapendwa. Akaacha kupita njia ya sokoni. Watu walipoanza kusema kwamba msomi alikosea hesabu, hakuwasahihisha.

Mwaka wa sabini na nne ilikuja operesheni ya vijiji. Mezani kwake Lukumani ilipita ramani ya viunga vya mji, na juu yake penseli nyekundu imezungushia nyumba za Itetemia zilizotawanyika ng'ambo ya kijito. Hizo zitahamishiwa kijiji kipya kabla ya mvua. Wenye nyumba au chumba mjini hawahusiki. Tangazo lilikuwa halijatoka.

Alitazama ile alama siku nzima. Mwaka uliopita alikuwa ameandika taarifa akieleza kwa nini viunga vinajaa watu haraka, na sababu aliyoitaja ni kuzaliana na wahamiaji kutoka vijijini. Sasa, akimkumbuka Leonia, alianza kuitilia shaka. Akamwambia mama yake ameamua kwenda Itetemia kwa Leonia.

"Kamrudishe," alisema Bi Mwamvita. "Vunja huo ukuta. Usiponiletea Mgogo wangu usirudi."

Alikwenda kwa baiskeli Jumapili, watu walipotoka kanisani. Ng'ambo ya kijito hapakuwa na vibanda viwili vitatu kama alivyodhani. Palikuwa na nyumba nyingi za udongo, na kila uani kumejaa watoto. Alikuwa akipita anaona sura anazozijua. Yule ni fundi cherehani wa Gongoni. Yule ni mjane wa muuza samli. Yule, Mwanne, binti wa muadhini, alikuwa akikaa nyumba ya pili kutoka kwao, na sasa ameketi mlangoni na kichanga mgongoni kisichozidi mwezi. Hawakuwa wametoka vijijini. Walikuwa wapangaji wa Isevya wenye watoto, waliotolewa vyumba vilipokatwa. Aliyewahesabu makapera wanaoingia hakuuliza wenye watoto wanakwenda wapi, na walikuwa wamekuja hapa, mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu, kupanga vibanda vya wakulima.

Leonia alikuwa anaanika ufuta. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Alimwona akishuka kwenye baiskeli, akajifuta mikono.

"Karibu, Bwana Lukumani. Habari za mjini? Mama hajambo?"

Lukumani alikuwa ametunga utani njiani, wa mpagazi aliyetumwa kufuata mzigo aliousahau. Ulimfia mdomoni. Alisikia sauti yake ikisema, "Shikamoo."

"Marahaba, baba," alisema Leonia.

Alimletea kigoda. Alimletea maji kwenye bakuli safi, akampa kwa mikono miwili, na hakusema neno juu ya maji. Lukumani aliyanywa yote, kwa sababu hakujua la kufanya na uso wake.

"Mama anakutaka urudi," alisema. "Vyumba vyako viwili. Ukuta tutauvunja."

"Mwambie ahsante sana."

"Utakuja?"

"Hapana, baba. Tumekwisha zoea hapa." Alisema kwa upole, kama mtu anayemkatalia mchuuzi.

Lukumani aliweka bakuli chini. "Hapa hamtakaa. Mtahamishwa, ninyi nyote wa ng'ambo hii, kabla ya mvua. Mwenye chumba mjini hatahamishwa. Tangazo halijatoka, lakini nimeiona ramani."

Leonia alisogea akamtazama usoni, karibu kabisa, kama mtu anayetafuta kibanzi kwenye jicho la mwenzake. Alitazama mdomo, akatazama macho, akarudi mdomoni. Lukumani akafahamu anachotafuta. Alikuwa anatafuta kicheko.

"Utani kando," alisema Lukumani. Yalikuwa yale maneno mawili, na yalitoka bila taabu yoyote.

"Siyajui tena hayo," alisema Leonia. "Wewe uliniambia jambo la kweli nikacheka. Leo unaniambia jingine. Nikicheka nitakuwa mjinga, na nisipocheka, nikang'oa nyumba yangu bure, nitakuwa mjinga zaidi. Mimi nitajuaje?"

"Mimi ni ofisa wa mipango, mama. Ninajua ninachosema."

"Hata siku ile ulikuwa ofisa."

Mtu aliyejenga maisha yake juu ya kuwa sahihi alikaa kwenye kigoda mbele ya muuza karanga, na hakuwa na njia ya kumfanya aamini kwamba anasema kweli. Angeweza kuapa. Lakini hata viapo watani huapa kwa mzaha.

"Ngoja," alisema Leonia. Akageukia upande wa shamba, akaita. "Mzee Ambrosi! Njoo mara moja!"

Ambrosi alikuja na jembe begani, mzee mrefu, bado na shati la kanisani. Lukumani aliinuka akamwamkia.

"Mwambie yeye," alisema Leonia. "Ninyi ni Wanyamwezi wote wawili, hamtaniani. Mwambie hayo hayo. Na umwambie kwa Kinyamwezi."

Kinyamwezi cha Lukumani kilikuwa kibovu. Alikulia mjini, nyumbani walisema Kiswahili, na kile alichokuwa nacho alikiokota kwa bibi yake. Alianza na salamu ya asubuhi, *mwangaluka*, ingawa jua lilikuwa utosini, na mzee akaitika bila kumsahihisha. Neno la operesheni hakuwa nalo, wala la tangazo. Alisema watu watakuja. Alisema watabomoa. Alisema kabla ya mvua. Alisema yeye ameona. Alitafuta neno la kulainisha, akakuta bibi yake hakumfundisha, akaacha hapo.

Ambrosi alimsikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja, akajibiwa. Kisha akageuka kwa Leonia, akasema kwa Kiswahili, "Ni kweli."

Hapo ndipo uso wa Leonia ulipobadilika, ule uso ambao Lukumani aliogopa kuuona tangu siku ya karanga. Ulibadilika kwa neno la Ambrosi.

"Basi tung'oe miti ya paa sasa, kabla hawajaichoma," alisema Leonia. "Na milango. Ufuta uliobaki uvunwe hivyo hivyo." Wakaanza kusemezana, yeye na mzee, nani ana mkokoteni, nani ana ng'ombe, nani aende kuangalia huko waendako kama kuna maji. Wengine walisogea, wakaambiwa, wakasogea wengine. Lukumani alibaki kando ya baiskeli yake. Hakuna aliyemfukuza.

Baadaye kidogo Leonia alimkumbuka.

"Vile vyumba ulivyosema," alimwuliza. "Vipo kweli?"

"Vipo."

"Mimi nitakwenda na wenzangu. Lakini Mwanne ana kichanga, na hana mtu. Mpe yeye."

"Nitampa."

"Makapera wako hawatakataa kilio cha mtoto?"

"Watakataa," alisema Lukumani. "Nitampa."

Leonia alimtazama, na kwa mara nyingine macho yake yalikwenda mdomoni kwake. Akamshika mkono wa shati, kwa ncha za vidole, akamvuta mpaka pale Ambrosi alipokuwa ameinama anakagua kizingiti.

"Mwambie na hilo," alisema.

Akamwambia. Mzee akaitikia kwa kichwa. Leonia akavuka uwanja mpaka mlangoni kwa Mwanne, akachuchumaa mbele yake, na Lukumani akasikia anachosema, kwa sababu alisema kwa sauti, kila mtu asikie.

"Anza kufunga vyombo vyako, mwanangu. Unarudi Isevya. Ni kweli, Ambrosi amesikia."